Mama, Kiungulia Kimeshindwa

Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na maharage ya huko Nyakisasa yamekomaa, au jua limeyawahi? Mimi ni mzima, mama, na safari hii silisemi neno hilo kwa mazoea. Simu inatukatiza kila mara, ndiyo maana nimesimamisha cherehani nikashika kalamu.

Kwa miezi mingi kifua kilikuwa kinaniwaka. Moto ulianzia chembe ya moyo ukapanda hadi kooni, maji machungu yakanijaa mdomoni. Nikiinama kushona baada ya chakula, ndipo hasa. Hata sauti ikaanza kukwaruza. Wewe unajua baba alivyoondoka, mkono kifuani, pale pale shambani. Nikasema basi, zamu yangu imefika. Sikuthubutu kukuambia.

Mwalimu wa kwaya akaniita pembeni. "Yusta, sauti imekwenda wapi? Mashindano yanakaribia. Nimpe mwingine nafasi yako?"

"Nivumilie kidogo, mwalimu."

Kesho yake nikaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, akaniuliza, "Maumivu yanakuja ukipanda mlima au ukibeba mzigo?"

"Hapana. Yanakuja nikishiba, na nikilala."

Nikamweleza habari za baba. Hakunicheka. Akanipima moyo kwa ile mashine ya nyaya, kisha akasema, "Moyo wako hauna neno. Hiki ni kiungulia. Mlango wa juu wa tumbo umelegea, tindikali inapanda."

Mama, nililia kwa furaha mbele ya mtu nisiyemjua.

Akataka kujua ninavyoishi. Nikataja yote: kahawa asubuhi tumbo tupu, chipsi na pilipili, ugali mwingi usiku kisha moja kwa moja kitandani, na vidonge vya maumivu ya mgongo ninavyojinunulia. "Hivyo vidonge navyo vinakuchoma tumbo," akasema. "Acha." Akanipa dawa ya kumeza kabla ya kifungua kinywa.

Haikuwa rahisi. Kwenye sherehe ya ubarikio wa mtoto wa jirani nilijishindilia pilau na sambusa, nikajuta hadi asubuhi. Lakini nikajifunza kula kidogo kidogo, kumaliza chakula cha jioni mapema, na kukaa wima saa mbili tatu kabla ya kulala. Kurundika mito hakukunisaidia. Seremala jirani akaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani. Sketi zilizonibana kiunoni nikazifumua na kuzipanua mwenyewe. Moto ukapungua, na sauti ikarudi.

Jumapili iliyopita tukasimama mbele ya kwaya zote. Ikafika sehemu yangu ya kuimba peke yangu. Nikavuta pumzi, nikaipandisha sauti hadi kule juu nilikokuwa naogopa kwenda. Haikukatika! Vigelegele vikanifunika kabla sijamaliza. Tumekuwa wa kwanza, mama! Mwalimu alicheza mpaka kiatu kikamtoka.

Sasa na wewe, hilo la kulamba majivu kila kifua kikichoma, liache. Nenda zahanati wakuangalie. Chakula kikianza kukwama kooni, au mtu akitapika damu, akapata choo cheusi, au akakonda bila sababu, asingoje. Na kifua kikibana wakati wa kazi, jasho likatoka, maumivu yakashuka mkononi, usiseme ni kiungulia: kimbia hospitali.

Nisalimie kaka Deo na ng'ombe wake kule Nyakahura, shangazi anayeuza ndizi Benaco, na bibi, umwambie kwa sauti kubwa maana masikio yake nayajua. Katekista mwambie ule wimbo alionifundisha nikiwa mdogo ndio tulioshindia.

Nakukumbatia kwa mikono yote miwili. Wakikuuliza habari zangu huko kisimani, mama, usiseme anaendelea vizuri. Sema ameshinda.

Binti yako,
Yusta