Sarafu ya Biafra na Majivu ya Mama

Dada Mwanaidi,

Salamu toka mtaa wa Edgware Road, huku ughaibuni. Mvua hainyamazi, na shawarma imenipoa mkononi. Ile sarafu ya fedha ya Biafra, ya vita vya kujitenga, aliyoachiwa marehemu Baba na mgeni wake, muuza sarafu kaitazama akaguna: "Nani kaisugua hivi?" Kumbe huku wanazitaka na weusi wake wa zamani! Majivu na ndimu za Mama vimeiua bei. Naye aliisugua kwa kupapasa, masikini, ili tupate cha kumtibia macho. Ukimsomea kadi hii, hapo pa majivu na bei paruke. Msomee tu kwamba mzungu hajapata kuona inayong'aa vile. Kisha umbusu mikono.

Mdogo wako,
Salim