Vitu Vilivyotoka Uwanja wa Noonkopir

POLISI KENYA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kitengela
Tarehe: 14 Agosti 2006
Jina: Immaculate Adero Ojwang
Umri: Miaka 51
Kazi: Mwalimu wa shule ya msingi
Makao: Noonkopir, Kitengela

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe, bila kuitwa, kwa sababu Samuel Simel amefungiwa hapa tangu jana, na vitu anavyoshukiwa kuiba viko kwangu nyumbani.

Simel alikuwa mtunza uwanja wa mpira wa Noonkopir. Nilimjua 1994, tulipohamia hapa kutoka Siaya. Hatukuwa tunajua mtu. Mume wangu, Ojwang, alianza kufundisha timu ya vijana pale, na Simel ndiye wa kwanza kutuletea maziwa.

Mnamo tarehe 12 Agosti, Jumamosi, mwendo wa saa tatu asubuhi, nilisikia tingatinga. Nilipofika uwanjani nilikuta ukuta umelala chini. Uwanja ulikuwa umeuzwa. Simel alikuwa amesimama kando na fimbo yake. Nilimsalimia kwa Kimaasai, "Sopa." Alininyooshea fimbo upande wa chumba cha wachezaji.

Vitu vya chumba cha wachezaji vilikuwa vimetupwa kwa rundo: neti, beseni la maji, kengele, jezi zimeraruka, na benchi ambalo Ojwang alilipigilia misumari mwenyewe. Vilikuwa vinangoja kuchomwa. Nilimuuliza msimamizi wa kazi, Bwana Mutunga, kama tunaweza kuvichukua. Akasema, "Mama, chukueni haraka, niko na kazi."

Tulibeba mimi na Simel. Benchi ni zito, na mimi mgongo unanisumbua. Tulipochoka tuliliweka kando ya barabara tukalikalia. Simel akaniuliza, "Mwalimu, hivi vitu tutafanyia nini?" Nikamwambia sijui. Sikutaka tu vichomwe.

Jumapili mwenye uwanja, yule aliyeununua, alikuja akiuliza vitu vilienda wapi. Bwana Mutunga akasema Simel ameiba. Nimeambiwa Simel aliulizwa amevipeleka wapi, akanyamaza. Sijui kwa nini hakunitaja. Mimi nilijua haya leo asubuhi, mke wake Kakenya aliponijia.

Nimechoka. Nilimzika Ojwang mwezi wa tano, na tangu hapo hata kuamka ni kazi. Lakini hakuna mtu aliyeiba. Kama kuna kosa, niandikwe mimi pia. Vitu viko sebuleni, mje mvione.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa na nimekubali ni maneno yangu.

Sahihi: I. A. Ojwang

Maandishi ya afisa: Nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, akatia sahihi mbele yangu. Bwana Mutunga ameitwa na amekubali kwamba aliwapa ruhusa; anasema alimwogopa mwajiri wake. Mwenye uwanja amesema hana haja na vitu hivyo. Simel ameachiliwa leo jioni. Nilimuuliza kwa nini hakusema vitu viko kwa nani. Akajibu: "Yule mama bado ako na msiba. Ningewatumaje polisi kwake?"

Konstebo J. Ngui