Kikao cha Kuchagua Kompyuta ya Kuwaka Usiku na Mchana

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA FAMILIA
Tarehe: Jumapili, 9 Machi. Mahali: Sebuleni.

Waliohudhuria: Mama (Mwenyekiti); Kaka, dereva wa lori; Shemeji, fundi redio; Dada, muuguzi, kwa simu kutoka ng'ambo; na kitindamimba, mwalimu, anayeishi na Mama (Katibu).

Hakuhudhuria: Mke wa Kaka. Kaka aliomba iandikwe "kwa udhuru". Udhuru haukutajwa.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:20 alasiri, baada ya Kaka kuzima televisheni shingo upande.

KUMB. NA. 2/3: MALALAMIKO YA DADA
Dada alieleza kwamba tangu marehemu Baba azikwe, kila akitaka kumwonyesha mwanawe video za babu yake, kompyuta ya nyumbani inayozihifadhi haipatikani. Mtoto hakuwahi kumwona babu. Hana babu mwingine ila huyo wa kwenye video. Dada alisema anaona amefungiwa mlango kwa kuwa hakuja mazishini.

Kaka alijibu kwamba hakuna aliyefunga mlango, ila wengine walibeba jeneza. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Aliifuta. Katibu hajaifuta.

KUMB. NA. 3/3: KOMPYUTA MPYA
Shemeji alieleza kwamba amepima: kompyuta ya zamani inakula wati 85 hata ikikaa bure. Alileta mbili za kuchagua: kompyuta ya bodi tupu, ndogo kama pakiti ya karata, wati 4, na kompyuta ya ofisini iliyokwishatumika, saizi ya kitabu kinene, wati 8.

Kaka alitaka bodi. Shemeji alisema bodi inategemea kadi ya kumbukumbu, na kadi huharibika umeme ukikatika ghafla. Ile nyingine ina diski imara. Kaka aliuliza umeme wa nyumba hii umekatika lini. Shemeji alitoa karatasi: kompyuta ya zamani imezimika saa tatu usiku, siku arobaini mfululizo. Alisema umeme hauna saa ya kulala. Kaka alianza kumtazama Katibu vibaya.

"Ni mimi," alisema Mwenyekiti. "Baba yenu hakutaka kitu kiwake pasipo na mtu. Nikienda kulala nachomoa waya. Nilidhani na yenyewe inapumzika."

Dada alisikika akilia. "Mama, saa hiyo huku ni mchana, ndiyo mwanangu anatoka shule."

Kaka alimwomba Dada radhi bila kuagizwa na mtu, jambo ambalo Katibu analiandika kwa furaha.

Ilikubaliwa ichukuliwe ya ofisini. Shemeji alipendekeza waya wake ufichwe nyuma ya kabati. Mwenyekiti alikataa, akasema yeye si mtoto, ameelewa. Shemeji aliihamishia papo hapo diski ya zamani yenye video, akaiwasha.

Taa yake ilipoanza kupepesa, Mwenyekiti aliuliza imepata nini. Shemeji alieleza kwamba mtoto wa Dada ameingia kutoka ng'ambo, anamsikiliza babu.

Mwenyekiti aliwataka wajumbe wapunguze sauti.

Kikao kiliisha saa 12:05 jioni, kwa kunong'ona.

Mwenyekiti: ....................

Katibu: ....................