Kengele Isiyo na Mgeni

Mjukuu wangu,

Tik, tik, tik. Alfajiri, nikiwa nimelala hapa kwako, nilidhani ni panya. Kumbe ni mtambo wako: sindano yangu ya kushonea inarusha cheche, inakula shaba ya kibao ndani ya sufuria ya maziwa, ibaki mistari ya kupitishia umeme tu. (Sufuria hiyo isipikiwe tena.) Chini yake ulitandika blanketi lako ili kelele isiniamshe, ukalala bila kujifunika. Nililiona hilo.

Basi, kibao nikakiona kina masizi, nikakisugua kama sufuria. Ulivyopiga yowe! “Bibi, hiyo ni kengele ya mlango wako!” Tukakuta mistari yote mizima, inang'aa. Fundi nani sasa?

Ukalehemu vipuri vyake, ikalia, ukasinzia. Sikuamshi. Chai iko kwenye chupa. Kengele nimeifunga kwenye leso, nawahi basi.

Lakini mwanangu, kwangu kinachokosekana si kengele, ni mbonyezaji. Miaka miwili hujanibishia hodi.

~~Ukija, mtambo uache.~~ Njoo hata na mtambo, sindano ninazo tele. Njoo uibonyeze.

Bibi yako