Jembe la Mihigo

Nakivale, 14 Oktoba 2009

Shemeji Nestor,

Salamu huko Mbarara. Batoto ni bazima, mbuzi imezaa mapacha.

Tangu tumuzike kaka yako Mihigo ni siku ine. Kwetu jembe halishikwi mpaka kilio kiishe, na mimi jana nimelima. Bazee bamekasirika, kesho bananiita. Baniite! Mutu kama Mihigo, aliyechunga ng'ombe za batu kule Endiinzi, akarudi kulima, akaogesha batoto, angevumilia majani yameze maharagwe yake?

Lakini nililima na jembe la jirani. Mustari ule Mihigo alioangukia akilima sijaugusa. Jembe lake lingali limesimama mule, fasi alipoliachia. Shemeji, kuja uling'oe wewe. Bazee sibaogopi. Lile jembe naliogopa.

Ni mimi, muke wa Mihigo bado,
Madeleine