Baba Amepanda Mlima Hispania

Al-Safa, Jidda
19 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Badriya,

Nakubusu mikono yote miwili kabla sijasema neno. Goti lako linaendeleaje? Yale mafuta ya habasoda niliyompa yule hajati wa Unguja akuletee yamekusaidia? Na presha je, chumvi umeiacha kweli au unamdanganya daktari? Sisi huku tuko salama, alhamdulillahi. Joto limeanza kulegea, na jioni tunaweza kukaa uani bila ya feni.

Nivumilie kwa hati yangu, mkono unanikimbia. Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu ungenikatiza kwa maswali, nami hili nataka ulipate lote kwa mpango wake.

Unajua ndugu yako alivyokuwa tangu mama atutoke. Mwaka na zaidi, baba hakutoka nyumbani ila kwenda msikitini. Chakula akikidonoa, akasema halas, yaani basi, akarudi chumbani. Kaka Ziyad akija kututazama kutoka Riyadh, wanakaa ukumbini kama abiria wawili wasiojuana. Nilishaanza kuogopa kwamba tutampoteza na yeye, na hapana maradhi yanayojulikana.

Sasa Ziyad, ambaye siku hizi anafanya kazi na Wahispania wa mambo ya reli na ameokota lugha yao, alipata likizo akakata tiketi za Hispania za sisi watatu bila ya kumuuliza mtu. Baba akasema haendi popote. Ziyad akamjibu, "Basi njoo unikatalie ndani ya ndege." Akaja, lakini shingo upande.

Shangazi, natamani ungelikiona kile kijiji. Kimeng'ang'ania ubavuni mwa mlima, juu huko kupita mji wa Granada. Nyumba nyeupe zimepandana, mapaa yake bapa, na vichochoro vyembamba hata ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Maji ya theluji yanapita katikati ya njia, unayasikia mpaka kitandani. Baba aliposhuka garini aliyatazama mapaa akasema, "Hizi si nyumba za Kizungu." Tangu uwanja wa ndege alikuwa hajafungua kinywa.

Tulifikia kwa bibi mmoja anaitwa Encarna, mjane, rika la baba. Anapangisha vyumba vya juu na anawatembeza wageni mlimani, na miguu yake ni ya mbuzi hasa. Alitwambia kijiji kilianzishwa na Waislamu karne nyingi zilizopita, na mifereji wanayomwagilia mashamba mpaka leo ni ile ile yao. Baba akaanza kuokota maneno ya Kiarabu ndani ya Kihispania chao. Mafuta wao wanayaita aceite. "Zeti hiyo," akasema baba. Mto wa kulalia ni almohada. "Mkhadda." Bibi Encarna akawa anamnyanyulia vitu vya jikoni kimoja kimoja, ili tu asikie baba atasemaje.

Asubuhi ya pili tulipanga kupanda mlima na kumwacha baba na kahawa yake. Tulipotoka tukamkuta mlangoni, kashavaa viatu, kashika fimbo ya mwenye nyumba. Hakuna aliyethubutu kumkataza.

Njia inaufuata mfereji, chini ya mitini na mizabibu iliyotambaa juu ya mawe. Nilikuwa natembea huku nakula tini, nimefurahi kama mtoto wa skuli. Lakini kivuli kilipokwisha njia ikasimama wima, na baba akakaa juu ya jiwe, uso umemparama.

"Halas. Niacheni hapa. Nyinyi nendeni."

Ziyad akashindwa kujizuia. "Mwaka mzima unatwambia tukuache, baba. Tukuache mpaka lini?"

Baba akamwambia afunge mdomo. Ziyad hakufunga. Nilisimama kati yao, nikijua kwamba tukirudi chini vile, itakuwa ndiyo basi. Kiswahili Bibi Encarna hakijui, lakini ugomvi wa baba na mwana hauna haja ya mkalimani. Akakaa jiweni ubavuni mwa baba, akampa tini kavu, akaanza kuhadithia kama kwamba hakuna lililotokea. Ziyad ikambidi afasiri, na hasira hazijamwisha.

Alisema wale Waislamu walisimama vitani na mfalme, wakashindwa, na amri ikatoka wahamishwe wote. Wakaletwa wageni kutoka kaskazini wachukue nyumba na mashamba. Lakini hao wageni hawakujua maji yanagawiwa vipi. Kwa hivyo, ndivyo alivyosimuliwa na bibi yake, katika kila kijiji ziliachwa familia mbili ziwafundishe.

Baba aliitafuna ile tini polepole. Kisha akamwambia Ziyad, "Muulize, hao waliobaki, asubuhi walikuwa wakimsalimia nani?"

Ziyad akauliza. Bibi Encarna akafikiri, akasema hilo hajapata kuulizwa.

Baba akanyoosha mkono. Ziyad akamwinua, na hakumwachia mpaka juu. Wallahi, Shangazi, alifika. Huko kuna birika la kale la mawe la kuwekea maji, na ukigeukia kusini unaiona bahari chini kabisa, na ng'ambo yake mstari wa milima ya buluu. Bibi Encarna akaonyesha kwa kidole: Afrika. Baba alisimama akiitazama mpaka nikaogopa jua litamwangusha. Alipozungumza, alizungumza habari zako.

"Badriya alikuwa msichana mdogo tu," alisema. "Sisi tukaondoka Unguja, yeye akabaki na bibi yetu. Maisha yangu yote nimejihurumia mimi, Badawi niliyeondoka, si yeye aliyebaki."

Akageuka, akaishika fimbo. Tukashuka.

Sasa nije kwenye chakula, maana najua unakingoja. Bibi Encarna alitupa supu nyeupe ya baridi, na baba akadhani ni tui. Kumbe ni lozi, zinatwangwa kinuni pamoja na thomu na mkate, zikatiwa mafuta ya zaituni na siki, na juu yake zabibu mbichi. Kisha akatukaangia chembe za unga, kama ugali uliokataa kushikana, na samaki wadogo pembeni. Wao hutia nguruwe humo, lakini alikisugua kikaango mbele ya baba mpaka kikang'aa. Baba alimaliza bakuli, akalipangusa kwa mkate, akaomba jengine.

Na akawa anasema. Eti ulipokuwa ukikuna nazi alikuwa akikuibia machicha, nawe ukimpiga vidoleni kwa kata. Eti ulimfunza kuhesabu kwa kokwa za kungumanga. Alicheka mpaka akatokwa na machozi, na Ziyad akawa ananikanyaga mguu chini ya meza. Hadithi hizo hatukuwa nazo hata moja.

Wiki iliyopita, bila ya kutwambia, amekwenda mwenyewe kubadilisha pasi yake ya kusafiria iliyokaribia kwisha. Tunakuja Unguja, Shangazi. Sote watatu, Disemba, inshallah. Baba ambaye hata ulipokuja kuhiji ulimwomba aje kwenu, akakataa. Sasa ananiuliza kama chumba cha nyuma bado kinavuja, na kama barazani bado watu wanakaa.

Nisalimie Bi Ruzuna, na Mahfudh na mkewe, na watoto wote wabusu mashavuni kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akuweke na afya, akufikishe Disemba ukiwa umesimama mlangoni kwa miguu yako. Nafasi ya chini nimemwachia baba, ameitaka.

Mwanao akupendaye, ambaye usingizi umemruka kwa furaha,
Ibtisam

Dada, ni mimi Badawi. Usinipikie kama mgeni.