Mtungi Mvivu

Jumanne, Ujiji. Jua kali, na upepo wa ziwani unakuja kwa kubembelezwa.

Bibi yuko kwangu tangu alipougua kule Simbo. Daktari amesema anywe maji mengi. Ya friji hayataki, yanamuuma meno. Ya ndoo anasema ni ya kuogea. Anapiga funda moja, anaweka kikombe chini. Naogopa, nasema kweli.

Mimi ni mfinyanzi, nikaona hili nitalimaliza mwenyewe. Nikamfinyangia mtungi wa heshima. Udongo nikautwanga, nikauchekecha kwa kanga yangu kuukuu hadi ukawa laini kama poda ya mtoto. Mtungi ukatoka tanurini umenywea, mgumu, ukiugonga unalia kama kengele. Nikatamba.

Maji yakashinda humo kutwa, yakabaki vuguvugu.

Bibi akaupapasa tumboni. "Mjukuu wangu, mtungi wako mvivu," akasema. "Hautoki jasho."

Nilicheka, lakini neno likanikaa kichwani. Kwa nini hautoki jasho? Nikafinyanga vikombe viwili: kimoja cha udongo uleule laini, kingine nikachanganya chenga za vigae vya vyungu. Nikavichoma pamoja, moto mmoja.

Leo asubuhi nimevitoa. Cha udongo laini kimenywea zaidi. Nadhani nimeelewa: punje ndogo hugusana kila upande, kwa hiyo moto huziunganisha upesi na kuziba nafasi zilizo kati yao. Chenga kubwa hazishikani hivyo, huacha vitundu. Maji hupenya humo, hukauka kwa nje na kuondoka na joto. Kumbe kuchekecha kwangu kote ndiko kulikoziba mtungi!

Nikakijaza kile chenye chenga, nikakiweka dirishani. Kufika adhuhuri kilikuwa kimelowa nje. Nikampelekea Bibi.

Akanywa. Akakipapasa nje. Akanywa hadi tone la mwisho.

"Ule mvivu tuutie mawese, hautavujisha," akasema, akininyooshea kikombe. "Mimi niongezee haya."

Ya kuongeza sikuwa nayo. Kikombe chenye chenga ni kimoja tu.

Nitie chenga kiasi gani, mtungi utoke jasho bila kuvuja? Sijui, lakini kesho naanza kuponda vigae. Na ile kanga naifua, narudi kuivaa.